Pua iliyoziba miaka yote si mafua

Katika masoko yetu ya mpakani, kuanzia Manyovu hadi Mabanda, matone ya kuzibua pua yananunuliwa kama njugu. Mfanyabiashara anashuka kwenye lori amekula vumbi la kutwa, anatia tone kila tundu, anavuta hewa, anaendelea na mzigo wake. Kesho hivyo hivyo. Nimekutana na watu waliotembea na kichupa hicho mfukoni kwa miaka, na ukiwauliza wanakujibu, "Mwalimu, mimi nina mafua sugu."

Ndugu msomaji, mafua ya kawaida huisha ndani ya wiki moja au mbili. Pua inayoziba mwaka hadi mwaka ina sababu nyingine, na matone yenyewe yanaweza kuwa mojawapo. Dawa hizo hubana mishipa ya damu iliyomo ndani ya pua, ndiyo maana hufungua haraka. Zikitumiwa zaidi ya siku 5 hadi 7, pua huzoea na kuvimba kila nguvu ya dawa inapoisha, na mtu huongeza tone jingine. Maelezo hayo yameandikwa kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi, lakini nani sokoni anauziwa boksi zima?

Sababu nyingine, ambayo wengi wetu hatujawahi kutajiwa, ni kupinda kwa ukuta unaotenganisha matundu mawili ya pua. Ukuta huo kwa mbele ni gegedu, kwa nyuma ni mfupa. Kwa watu wengi haukunyooka sawasawa na wala hauwasumbui. Wengine huzaliwa nao hivyo, wengine hupinda wanapokua, wengine ni ngumi, ajali ya pikipiki au kiwiko cha mpirani. Ukipinda sana, tundu moja huziba daima, mtu analala mdomo wazi, anakoroma, anaamka koo limekauka, na pengine pua inamtoka damu mara kwa mara. Hakuna tone wala majani ya kujifukiza yatakayonyoosha gegedu. Wala kukata kimeo hakusaidii. Kimeo kiko kooni, pua iko kwingine, na watoto wetu wameshatokwa damu vya kutosha kwa imani hiyo.

Dawa yake, pale inapohitajika, ni upasuaji. Najua neno hilo linatisha, hasa likitajwa karibu na macho na ubongo. Daktari hupitia ndani ya tundu la pua, kwa hiyo usoni hakubaki kovu. Huinua ngozi laini inayofunika ukuta, hunyoosha au kuondoa sehemu iliyopinda, kisha huirudisha ngozi mahali pake. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi au ganzi, na kazi huchukua kati ya nusu saa na saa moja na nusu. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Hatari zipo: kutoka damu, maambukizi, ukuta kutoboka, ganzi kwenye meno ya juu, au pua kuendelea kuziba. Mwaka 2023 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti wa watu wazima 378 katika hospitali 17 za Uingereza. Baada ya miezi 6, waliopasuliwa walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliotumia dawa ya kupuliza na maji ya chumvi.

Mimi ni mmoja wa waliopasuliwa. Pua yangu iliumizwa na mpira nikiwa mwanafunzi huko Mishamo, ambako wazazi wetu walikimbilia, na nilirudi nayo nyumbani mwaka 2009 hivyo hivyo. Kliniki moja ya binafsi ilinitaka nilipe gharama zote za upasuaji kabla daktari hajaniwekea hata taa puani. Nikaondoka. Kwingine daktari wa masikio, pua na koo alinichungulia, akanipa kwanza dawa ya kupuliza kwa wiki kadhaa, na iliposhindikana ndipo akanipeleka chumba cha upasuaji. Huo ndio utaratibu, na anayeuruka anatafuta fedha zako. Baada ya hapo nilikatazwa kupenga kamasi kwa siku nyingi na kuinua vitu vizito kwa wiki mbili. Kwangu ilikuwa rahisi, chaki si nzito. Kwa mama anayebeba ndoo za mawese, wiki mbili ni mtaji umekufa, na daktari anayemwambia "pumzika" lazima alijue hilo, wapange naye wakati wa biashara ndogo.

Kuna jambo ambalo halisubiri kupangwa. Mtoto akipigwa puani, damu inaweza kujikusanya kati ya gegedu na ngozi yake. Pua huziba pande zote mbili, huuma, na ndani huonekana uvimbe laini. Gegedu hulishwa na ngozi hiyo, na likitenganishwa nayo huanza kufa ndani ya siku chache, pua ikabonyea maisha yake yote. Damu hiyo lazima itolewe na daktari mapema, si baada ya siku ya soko. Walimu wenzangu, tusimpe mtoto huyo maji ya baridi na kumrudisha darasani.

Sasa nageukia wahusika. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Maharage yanavuka Mugina, dagaa wanavuka, lakini kadi ya matibabu ya mwalimu inaishia kwenye kizuizi. Barua ya rufaa inatoka upande mmoja kwa Kiingereza, inasomwa upande wa pili na muuguzi aliyesoma kwa Kifaransa, na katikati amesimama mgonjwa aliyesoma kwa Kiswahili, ambaye hakuna aliyemuuliza pua yake ilianza kuziba lini. Wizara mbili za afya zinaweza kuandaa fomu moja ya rufaa ya mpakani, kwa lugha zote tatu. Vyama vya wafanyabiashara vya Manyovu na Mugina vianze kuidai sasa, na vidai pia kwamba matone ya pua yasiuzwe tena bila ile karatasi yake.