Kiapo cha Kuacha Pombe Kipitie Hospitali



Mpendwa msomaji, leo naanza kwa kuungama kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita, baba mmoja aliyekunywa gongo kila siku alinijia baada ya Misa ya Jumapili. Akalia, akaahidi mbele ya msalaba kuacha pombe. Nikambariki, nikamwambia asionje tena hata tone.

Jumatatu mikono ilimtetemeka na jasho likamtoka. Usiku akaanguka kifafa. Jumanne akawa anafukuza wadudu ambao hakuna mwingine aliyewaona. Majirani wakasema ni pepo, wakaita wanamaombi. Mkewe ndiye aliyeshikilia kwamba apelekwe hospitali, na huko ndiko alikookolewa.

Daktari alinieleza nisichofundishwa seminarini. Ubongo uliozoea pombe kila siku kwa muda mrefu hujirekebisha ili ufanye kazi nayo. Ikiondolewa ghafla, unachachamaa. Kutetemeka huanza baada ya saa chache, degedege huweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza, na kuchanganyikiwa kukali siku ya pili hadi ya nne. Mtu anaweza kufa. Tiba ipo: dawa kama diazepam, ambayo daktari huipunguza siku hadi siku, pamoja na vitamini B1 ya kulinda ubongo. Baada ya hapo hufuata ushauri nasaha wa muda mrefu, maana kutoa pombe mwilini ni mwanzo tu.

Kabla ya tiba daktari huuliza. Shirika la Afya Duniani lina maswali kumi: unakunywa mara ngapi, kiasi gani, je, umewahi kuhitaji pombe asubuhi ili uanze siku, je, kuna ndugu au daktari aliyekushauri upunguze? Majibu hupewa alama, kuanzia 0 hadi 40, na 8 au zaidi ni onyo. Sisi tunaotafuta dhamiri kabla ya kitubio tusiyaogope maswali hayo. Yote mawili yanadai ukweli.

Tumtazame Msamaria Mwema katika Luka 10. Alimhurumia majeruhi, akamfunga majeraha. Hakuishia hapo: alimpeleka kwenye nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili, akaahidi kurudi. Mimi nilifunga majeraha kwa maneno, nikamwacha mtu njiani.

Basi, ndugu yangu, akija mtu kwenye jumuiya yako akisema anataka kuacha, mshangilie, kisha muulize: unakunywa kila siku? Mikono hutetemeka asubuhi mpaka unywe? Umewahi kuanguka kifafa ulipoacha? Akikubali hata moja, asiache ghafla peke yake. Mpeleke hospitali kwanza. Tunachangia harusi kwa moyo mkunjufu. Tuchange pia nauli na dawa za huyu. Na akianguka tena baada ya miezi mitatu, tusimfute kwenye daftari la jumuiya. Mgonjwa wa kisukari sukari ikipanda hatumwiti mnafiki.

Kusali tuendelee kusali, ila tusali tukiwa njiani kuelekea hospitali. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemuumba.

Yule baba? Bado anapambana. Jumapili iliyopita alikuwa benchi la tatu, pamoja na mkewe.

Nawatakia Jumapili njema.