KAZI ZA MIKONO: Uso wa Gitaa

Vijana wa Kasongo na Kabambare hawahitaji kufundishwa utamu wa gitaa. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Likasi, akiimba kwa Kiswahili na gitaa lake moja lisilo na umeme, na tangu siku zile wengi wametamani kulia kama yeye. Lakini kulipiga ni jambo moja, kuliunda ni jambo jingine. Kijana hutoa akiba yake yote kwa mbao na nyuzi, aunda sanduku lenye shingo, lapendeza machoni. Akiligusa, kumbe sauti imefia ndani. Mara nyingi sababu ni moja: ubao wa uso, ule wenye tundu, umeachwa mnene kama wa mlango.

Fundi Mhispania Antonio de Torres alitaka watu walione neno hili wazi. Mwaka 1862 aliunda gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu, uso peke yake ukiwa wa mti mzuri. Gitaa hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya muziki huko Barcelona.

Basi uso wataka unene gani? Milimita 3 hivi, na pengine pungufu kidogo. Hapo hofu huingia, wala si hofu ya kijinga, maana nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 70. Hata hivyo dawa si kuongeza unene. Fito nyembamba zilizobandikwa kwa ndani ndizo zibebazo mzigo, ili uso upate kutikisika.

Mvule tuuachie milango na viti. Ni mzito mno. Tafuta mti mwepesi, ulionyoka, usio na fundo, na mistari yake isimame wima katika unene wa ubao. Upasue kwa msumeno, uufunue kama kitabu, kisha unganisha vipande viwili katikati. Kingo zake zipigwe randa ndefu mpaka ukiziweka pamoja mbele ya jua, mwanga usipite.

Kupunguza unene ndiko kwenye kazi. Noa kwanza, kwani randa butu hung'oa nyama ya mti, na shimo la namna hiyo halizibiki. Karibu na mwisho weka randa chini, ushike kipande cha msumeno wa zamani ulichokinyoosha ukingo kwa tupa. Hicho hukwangua unyoya mwembamba bila kung'oa. Kisha msasa. (Karatasi ya dukani imeazima jina la mti: majani ya msasa, yakwaruzayo kama ulimi wa paka, yalilainisha mbao kabla ya karatasi hiyo kufika kwetu, na hata leo yafaa.) Kila mara shika ubao kwa vidole viwili na kuugonga. Mwanzoni hujibu kwa ukavu, kama meza. Ukisikia sauti inakaa na kuvuma, acha. Tamaa ya kuendelea imeharibu mbao nyingi kuliko uvivu.

Yabaki neno la majira, nalo huku Maniema ya kusini ni zito. Ubao wa sokoni hauko tayari: uweke kivulini miezi mingi, hewa ipite chini na juu. Na fito zibandikwe wakati wa kiangazi. Ukizibandika wakati wa mvua, ubao umeshiba maji. Ifikapo Juni husinyaa, nazo fito zimeushika, basi hupasuka kufuata mistari yake. Ukizibandika Julai au Agosti, mvua zirudipo uso huvimba na kuinuka kidogo katikati, nyuzi zikawa juu mno kwa vidole. Hapo hutoa ule mfupa mdogo ulio chini ya nyuzi, ukausugua kwa tupa nusu milimita, ukaurudisha mahali pake.