Hesabu za likizo hazingojei programu yetu

Jamani, likizo ya Agosti ikikaribia, sisi waandishi wa programu wa Nairobi hushikwa na ugonjwa ule ule: kila mtu anataka kutengeneza programu ya simu ya kufundisha hesabu watoto wa Kibera na Kawangware. Mimi ndiyo kazi inayonilisha, lakini hapa napinga.

Simu ya nyumbani ni moja, na huondoka alfajiri na mama anayekwenda kutafuta kibarua. Ikirudi usiku, chaji imekwisha, bando pia. Tuliyaona mwaka 2020 shule zilipofungwa Machi, wengi wakarudi darasani Januari 2021: masomo mtandaoni, mtoto uani. Tuition ya likizo nayo ilipigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na ikifanywa kichinichini inataka pesa.

Lakini hoja yangu kubwa ni nyingine. Mtoto huyu anapiga hesabu kutwa! Mtume dukani na shilingi 200, anunue vitu vya 135, uone kama atapunjwa chenji. Kisha mwandikie 200 − 135 kwenye karatasi. Wengi hukwama hapo. Mwaka 1985 Terezinha Carraher na wenzake walichapisha utafiti wa watoto 5 wachuuzi wa Recife, Brazil. Sokoni walipata asilimia 98. Hesabu kama hizo zikiwa tarakimu tupu kwenye karatasi, 37. Zikitungiwa kisa, 74. Watoto 5 ni wachache, sawa, ila aliyekulia kwenye ploti ya Kawangware hatashangaa.

Kwa hiyo mtoto akirudi dukani, mzazi asiulize tu chenji iko wapi. Aulize: umeijuaje? Wengi huhesabu kwenda juu: 135 hadi 140 ni 5, hadi 150 ni 10, hadi 200 ni 50. Jumla 65. Aiandike hivyo hivyo, hata nyuma ya karatasi ya unga. Hiyo ni algorithimu halali kabisa, hata kama mwalimu anataka ya kukopa makumi.

Halafu kuna ajua, bao la Wajaluo, ambalo wazee wa Kibera wanalijua. Chora mashimo 16 ardhini, chukua punje 19, panda moja moja ukizunguka. Ya mwisho itaangukia wapi? Mtoto anayejibu bila kupanda, kwamba ni shimo la tatu mbele ya alipoanzia, ameshafanya modulo. Mimi niliisikia chuo kikuu.

Na kama mikono inawasha lazima tuandike kitu, Shupavu 291 ya Eneza ilishaonyesha kuwa masomo hupita kwa SMS. Tumtumie mzazi, si mtoto. Swali moja la kuuliza, saa moja jioni, herufi 160, linalosomeka kwenye mulika mwizi. Kwa Kiswahili.