HAKI IANZE CHUMBANI MWETU



Kila mwezi katika kurasa hizi twawalaumu wakubwa. Twasema mishahara ni midogo, nyumba hazitoshi, na mtu akiugua hutupwa kama taka. Maneno hayo ni ya kweli, wala hatuyafuti. Lakini safari hii lawama ni yetu sisi wenyewe.

Ndugu yetu mmoja wa genge la njia alishikwa na ugonjwa wa akili. Alisikia sauti ambazo sisi hatuzisikii, akakesha siku nyingi. Akapelekwa hospitali, akatibiwa, akarudi na dawa zake. Dawa zilimtuliza, ila zilimtia usingizi, na mikono ikawa inatetemeka. Akarudi katika chumba alichokaa na wenzake watatu, wote wafanya kazi, wote wana kadi za chama. Kodi ni shilingi 6,000, kila mtu 1,500, naye hajawahi kukosa kutoa yake.

Je, walimpokeaje? Walimwondoa kitandani, wakamlaza sakafuni karibu na mlango. Unga wake ulipikwa, yeye akaachiwa ukoko. Walitwaa simu yake, wakamlazimisha kutaja namba ya siri, wakawa wanatoa pesa zake wakisema kichaa hana haja ya fedha. Dawa walizificha kwa mzaha, waone atafanya nini. Alipoanza kusema peke yake, wakaambiana kwamba huyu ni mtu wa hatari. Mwisho, usiku wa mvua, wakatia kufuli mpya mlangoni. Alilala barazani pa duka, akachelewa zamu, na nyapara akaandika jina lake. Ndugu, nyapara aliandika kwa wino tuliomtilia sisi.

Wapo watakaosema: "Mtu huyu anatisha, na sisi twahitaji usingizi, kesho kuna kazi." Twawajibu hivi. Kelele za usiku twazijua, nasi tumelala vyumba vya namna hiyo. Lakini mgonjwa akinyimwa dawa, chakula na usingizi, ugonjwa huzidi. Mlioficha dawa ndio mliotengeneza hatari hiyo. Na kama kweli mlimwogopa, mbona hamkuogopa kula pesa zake?

Wengine watasema amerogwa, ni shauri la watu wake huko kwao. Hilo ni jibu la Kaini. Ugonjwa wa akili ni ugonjwa, nao hutibiwa.

Tena sheria iko. Katiba ya 2010, Kifungu cha 54, yasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima, wala asiitwe kwa namna ya kumdhalilisha. Na Kifungu cha 260 chahesabu ulemavu wa akili pamoja na ule wa mwili. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 46, yakataza kumfukuza mtu kazi kwa sababu ya ulemavu. Kifungu cha 31 chamtaka mwajiri atoe nyumba inayofaa au fedha za kutosha za kodi. Tutasimamaje mbele ya tajiri na vifungu hivi mkononi, hali sisi tumemtupa mwenzetu nje bila hata onyo?

Kweli, watu wanne kubanana chumba kimoja ni kwa sababu fedha za nyumba ni kidogo, nasi tutazidi kuzidai. Lakini umaskini haukumwagiza mtu kuiba.

Kwa hiyo twaleta haya mbele ya mkutano wa tawi:

1. Mwanachama aliyelipa kodi yake asitolewe chumbani na wenzake kabla tawi halijasikiliza pande zote mbili.
2. Mgonjwa achague mwenyewe mtu wa kumkumbusha dawa na kumsindikiza kliniki, na tawi litoe nauli.
3. Jina la "kichaa" lisisikike tena katika mikutano yetu wala kazini.

Hujafa hujaumbika. Leo ni yeye, kesho huenda ni mimi au wewe.

Sasa ndugu yetu analala kwa mwenzetu wa karakana, juu ya godoro la kuazima. Kazi bado anayo, lakini akichelewa tena huenda akaikosa. Wale watatu wanajijua. Warudishe pesa, wafungue mlango.