Ukuta haufanyi mji

Ukimwuliza kijana wa Kikula au wa Panda hapa Likasi angependa kuishi wapi akifanikiwa, mara nyingi atataja Golf ya Lubumbashi, au Luano City. Hatumlaumu. Maji ya bomba, umeme wa kudumu na barabara isiyo na mashimo ni haki ya mtu, wala si anasa. Tunalolikataa ni wazo linalofuatana na ndoto hiyo: kwamba penye kuta ndefu na malango yenye walinzi ndipo mjini, na kwetu ni mahali pa kupita tu.

Wazo hilo tulirithishwa. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na haikukawia kugawanywa: Wazungu upande mmoja, Waafrika upande wa pili, na kati yao ukanda mtupu wa mamia ya mita, uliotetewa kwa hoja ya kuzuia magonjwa. Likasi nayo, enzi ya Jadotville, ilikuwa na nyumba za Wazungu mbali na kambi za wafanyakazi wa Union Minière. Hata leo mtu wa Katuba akielekea katikati ya Lubumbashi husema anakwenda mjini, kana kwamba anakotoka si mji.

Tuitazame Shinkolobwe, jirani yetu. Madini yake yaligunduliwa mwaka 1915. Ilitafutwa kwanza radiamu, kisha urani, iliyotumika katika bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Kampuni ilijenga makazi ya watu wake. Lakini makazi yale yaliishi kwa sababu ya shimo tu, na shimo lilipofungwa karibu na Uhuru wa 1960, yakakosa sababu ya kuwapo.

Miaka mingi baadaye wakafika wachimbaji wadogo kutafuta kobalti, na kijiji kikaota. Hakikuwa kizuri. Amri ya Rais ya Januari 2004 ilipiga marufuku uchimbaji, lakini watu waliendelea kushuka. Mwezi Julai sehemu ya mgodi ikaporomoka na kuua. Mwaka huohuo kijiji kikabomolewa. Kwamba mahali penye mionzi hapafai kulea watoto, hilo hatulibishii. Linalotuuma ni kwamba ulimwengu ulipoizungumzia Shinkolobwe ulihesabu zaidi urani kuliko watu, ilhali palikuwapo majirani, madeni ya dukani, ndoa na misiba, yaani mambo yote yanayoufanya mji isipokuwa usalama.

Golf ina usalama na ina mandhari: nyasi, kivuli, jakaranda zikichanua Septemba na Oktoba. Ila ukitembea huko jioni utakutana na walinzi, magari yenye vioo vya giza, na kimya. Hakuna anayeketi mlangoni. Kikula, kwa vumbi lake lote, mgonjwa hajui kulala siku mbili bila mtu kubisha hodi. Na huko unalazimika kuishi na watu usiowachagua, wa kabila lingine, wa dhehebu lingine, hata yule mlevi wa nyumba ya tatu.

Basi kijana anayesomea uhandisi au utawala, tunamwomba asipange tu namna ya kuondoka Kikula. Apange mitaro yake ya maji, na aanze sasa kuuliza ofisi ya wilaya nani anaizibua, maana mvua za Novemba haziko mbali.