Haki Siyo Zawadi ya Ushujaa

Makamanda, kila nikisoma habari za marubani weusi wa Marekani, wale wa Tuskegee, naletewa hadithi ileile: walipigana vizuri dhidi ya Wajerumani, wazungu wakaona kumbe wanaweza, basi wakapewa haki zao. Mimi nakataa. Hiyo siyo heshima, ni kuwaambia watu wafanye mtihani ndiyo wahesabiwe kuwa binadamu.

Twende Freeman Field, jimbo la Indiana, Aprili 1945. Kanuni za jeshi zilikuwa wazi kwamba klabu ya maofisa ni ya maofisa wote wa kambi. Kanali Robert Selway akatafuta ujanja. Weusi akawaita "wanafunzi", wazungu akawaita "wakufunzi", kila kundi na klabu yake. Eti hapo hakuna ubaguzi! Sisi tunaosoma sheria tunaujua mchezo huu: ukitaka kuvunja kanuni kubwa, unatunga kanuni ndogo.

Maofisa weusi wakaingia klabu ya wazungu, wakakamatwa. Baadaye wakaletewa agizo la maandishi wasaini. Maofisa 101 wakakataa, huku wakijua kwamba wakati wa vita kukaidi amri ya mkubwa wako kunaweza kukupeleka kwenye adhabu ya kifo. Watatu walifikishwa mahakama ya kijeshi. Mmoja wao, Roger Terry, alipigwa faini ya dola 150 kwa kumsukuma ofisa. Alisafishwa mwaka 1995. Miaka 50, jamani!

Sasa sikilizeni. Kikosi chao, cha 477, kilikuwa cha ndege za mabomu na hakikupelekwa vitani kabisa. Kwa hesabu ya wale wa "walithibitisha uwezo", hawa hawakustahili chochote. Lakini ndio waliosimama upande wa sheria, na kanali ndiye aliyeikwepa.

Wapo watakaosema bila sifa za vita Rais Truman asingetoa amri ya usawa jeshini, Julai 1948. Sawa, sifa zilisaidia. Ila sifa bila watu wanaokataa huishia kwenye medali, na medali ya Bunge la Marekani yenyewe ilikuja 2007, wengi wakiwa makaburini.

Tukiwaenzi, tusiishie kwenye ndege. Na siku ukiletewa karatasi, ukaambiwa "saini tu, ni utaratibu", isome kwanza. Wale 101 waliisoma.