Mwisho wa Windows 10 na Kompyuta za Wanafunzi Wetu

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani iliacha kutoa bure masahihisho ya usalama ya Windows 10, mfumo wa kuendeshea kompyuta uliotolewa Julai 2015 na kuenea dunia nzima. Habari hiyo ilipita kama habari za matajiri na makampuni yao, na askari wengi hawakuona inawahusu nini. Sisi twaona inawahusu sana, hususan wale walio na kijana anayejiandaa kuingia Makerere, Kyambogo, Mbarara au Gulu. Katika orodha ya mahitaji ya kijana huyo, baada ya karo na malazi, kitu cha bei kubwa kuliko vyote ni kompyuta ya kubeba mkononi, ile laptopu. Na laptopu aiwezayo askari ni ya mtumba iliyotoka ng'ambo.

Hebu tutazame mambo yalivyofuatana. Windows 11 ilipotolewa Oktoba 2021 ilikuja na masharti magumu. Kompyuta sharti iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa yake, yaani ule ubongo wa mashine, iwe katika orodha iliyoidhinishwa. Kwa prosesa za Intel orodha hiyo, isipokuwa chache mno, huanzia kizazi cha 8, kilichoingia sokoni mwaka 1917 wa kompyuta, kama tunavyotaniana ofisini, yaani 2017. Mashine za kabla ya hapo, hata zikiwa nzima kabisa, zilifungiwa mlango. Ofisi na makampuni ya Ulaya na Marekani yakabaki na njia mbili: kulipia ulinzi wa ziada au kubadilisha mashine. Wanaobadilisha huwauzia wachuuzi mashine za zamani kwa mafungu, nao wachuuzi huzisafisha na kuzitafutia wanunuzi katika nchi kama zetu. Kwa hiyo urahisi wa bei ya baadhi ya laptopu hizo una asili yake, na si ukarimu wa mwenye duka.

Yafaa ieleweke kwamba mashine ya Windows 10 haikufa siku ile. Inawaka, inaandika, inafungua barua. Lakini kila tundu linalogunduliwa baada ya hapo haliziba mtu, isipokuwa kwa wale waliojiandikisha katika muda wa ziada ambao Microsoft ilitangaza kuwa utafika 13 Oktoba 2026. Ni kama ngome ambayo mlinzi wake ameondolewa na taa zikaachwa zikiwaka. Shahada huchukua miaka 3 au 4. Isitoshe, laptopu ya mwanafunzi haikai chuoni daima. Likizo huja nayo nyumbani, na hapo baba hufungulia barua zake za benki, au huchomeka flashi aliyotoka nayo ofisini. Hilo la flashi hatuna haja ya kulirefusha kwa wasomaji wa ukurasa huu.

Mwanzoni mwa mwaka mmoja wa masomo alitujia sajini mmoja na laptopu aliyomnunulia binti yake. Ilikuwa ikimeta, nembo ya Windows 11 katika kioo, na muuzaji alimwapia kwamba ni ya kisasa. Tulipofungua mahali mashine inapojieleza tukasoma i5-5300U: kizazi cha 5. Windows 11 ilikuwa imeingizwa kwa kuruka masharti, jambo ambalo fundi yeyote hulifanya kwa dakika chache, na Microsoft yenyewe imesema kwamba mashine za namna hiyo hazina hakika ya kupata masahihisho. Sajini alikuwa amenunua sare. Mwenye kuivaa hakuwa amekaguliwa.

Basi nambari ndiyo ya kutazamwa kwanza, nayo isisomwe katika kibandiko cha nje, kwani vibandiko hubanduliwa na kubandikwa. Fungua Settings, kisha System, kisha About, usome jina la prosesa. Kwa Intel za mtindo huo, tazama tarakimu zinazofuata kistari: i5-8250U ni kizazi cha 8, i5-6300U ni cha 6. Nambari ikianza na 1, soma tarakimu mbili: i5-1135G7 ni kizazi cha 11, wala si cha kwanza kama muuzaji mmoja alivyobishana nasi. Kwa prosesa za AMD ziitwazo Ryzen, ni salama zaidi kuanzia zile ambazo nambari yake ya tarakimu nne inaanza na 3.

Jambo la pili ni jipya na halijazoeleka. Zamani tulishauriana kununua mashine yenye kumbukumbu, yaani RAM, ya GB 4, kisha kuiongeza mshahara ukiruhusu. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya kumbukumbu ilipanda vibaya ulimwenguni, kwa sababu viwanda vinavyoitengeneza vilielekeza nguvu katika majumba makubwa ya kompyuta za akili bandia, ambako faida ni nono. Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kwamba inaacha kuwauzia wateja wa kawaida kumbukumbu za jina la Crucial. Zaidi ya hayo, laptopu nyingi nyembamba kumbukumbu zake zimechomelewa na haziongezeki kabisa. Mwanafunzi na aanze na GB 8, na diski yake iwe ya SSD, si ile ya zamani inayozunguka. Tofauti yake katika kazi ni kubwa kuliko tofauti ya i5 na i7 ambayo wauzaji hupenda kuisifia.

Kwa mwanafunzi wa sheria, ualimu au utawala, hayo yatosha. Mwanafunzi wa uhandisi au usanifu wa majengo, atakayechora kwa AutoCAD, ahitaji GB 16 na kioo kipana, na huyo afadhali asubiri wiki mbili awaulize wahadhiri wake kuliko kuinunua kabla ya kufika chuoni. Chromebook nazo zimejaa madukani kwa bei ya kuvutia. Kila moja ina tarehe ya mwisho ya kupata masahihisho, nayo iulizwe mapema. MacBook za prosesa ya Intel pia njia yao inafungwa: Apple imesema mfumo wake wa 2025, uitwao Tahoe, ndio wa mwisho kuzipokea.

Ukaguzi wa mwili wa mashine hauna siri kwa mtu aliyewahi kukabidhiwa bunduki. Chomoa chaja uiache ifanye kazi nusu saa dukani. Betri iliyochoka itajitaja. Bonyeza kila herufi. Mashine zilizotoka Ujerumani zina Z mahali pa Y, na za Ufaransa zina A mahali pa Q, na kijana atakayeandika tasnifu juu yake atakulaani kimoyomoyo. Plagi ya Ulaya yenye miguu miwili ya mviringo si tatizo, kwani chaja nyingi hupokea umeme wetu wa volti 240. Badilisha waya tu. Lakini mashine inayodai nenosiri la mwenyewe wa kwanza, au inayoonyesha jina la kampuni ya ng'ambo kila iwakapo, irudishwe papo hapo. Na risiti iandikwe nambari ya mashine. Ndugu zetu wa polisi wanajua ni laptopu ngapi huishia katika ghala la vielelezo kwa kukosa karatasi hiyo.

Wengi wetu hukopa kutoka Wazalendo au Exodus kwa ununuzi kama huu. Ni vyema kulinganisha miezi ya mkopo na miaka iliyobaki kwa mashine, maana makato ya mshahara hayasimami laptopu inapozeeka.

Sajini yule hakurudishiwa fedha zake. Kwa kuwa binti alikuwa anakwenda kusomea ualimu, tulimwekea Ubuntu, mfumo wa bure ambao bado unapata masahihisho na hauhitaji kizazi cha 8, pamoja na LibreOffice ya kuandikia. Angekuwa mwanafunzi wa uhandisi njia hiyo isingefaa, kwa kuwa AutoCAD haikutengenezewa Ubuntu. Wiki ya kwanza alilalamika kwamba kila kitu kimehamishwa mahali pake. Muhula wa pili baba yake alitupigia simu kuuliza kama koplo mmoja wa kikosi chake anaweza kutuletea nambari za laptopu tatu tuzitazame kabla hajalipa.